Fundi anasema gesi ya R-22 imepigwa marufuku: je, nibadilishe gesi au ninunue kiyoyozi kipya?

Mkaazi wa Entebbe anauliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaomba ushauri wa watu wanaoifahamu kazi ya viyoyozi, kwa sababu nimepewa maelezo mawili yanayopingana na sina njia ya kuyapima mwenyewe.

Nyumbani kwetu tuna viyoyozi viwili vya ukutani, vilivyofungwa mwaka 2013, kimoja sebuleni na kingine katika chumba cha mama yangu, ambaye sasa ana miaka 78 na hawezi kulala vizuri usiku wa joto. Kibandiko kwenye mtambo wa nje kinaonyesha kuwa vyote vinatumia R-22. Cha sebuleni hakijawahi kunisumbua. Cha chumba cha mama kimejazwa gesi mara tatu katika miezi 14 iliyopita, na kila mara kinapoa vizuri kwa muda, kisha kinaanza kupuliza hewa ya kawaida.

Wiki iliyopita fundi alikuja akaniambia kwamba serikali imepiga marufuku R-22, kwamba hawezi tena kuipata, na kwamba mbele yangu kuna njia mbili tu. Ya kwanza ni kuweka katika mtambo uleule gesi anayoiita "gesi mpya ya asili", ambayo nilipomuuliza sana alikubali kuwa ni propeni (propane). Ya pili ni kununua kiyoyozi kipya cha R-410A, ambacho anasema kwa sasa kinauzwa kwa punguzo kubwa mjini Kampala. Mtu mwingine ameniambia nisinunue R-410A hata kidogo, kwa kuwa nayo iko njiani kupigwa marufuku, na kwamba baada ya miaka michache nitarudi palepale nilipo leo.

Nina swali lingine linalofanana na hilo. Ndugu yangu anajenga nyumba Kabale, na kwa kuwa usiku wa kule ni baridi, anataka kuweka pampu ya joto kwa ajili ya maji ya kuoga. Naye anaogopa kununua kitu ambacho sheria itakifanya kisiwe na gesi wala vipuri. Tufanye nini?

Fundi wa Nalukolongo anajibu:

Ndugu, pole kwa usumbufu, na hasa kwa mzee wetu anayekosa usingizi. Nimefanya kazi ya friji na viyoyozi kwa miaka mingi, na kabla sijazungumzia sheria, naomba nikuulize swali ambalo fundi wako alipaswa kujiuliza tangu mara ya kwanza: je, aliwahi kutafuta mahali gesi inapotokea?

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli inavyoisha katika gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inachukua joto chumbani na kulitua nje, kisha inarudi. Mtambo uliofungwa vizuri unaweza kukaa na gesi yake ya kiwandani hadi siku unapotupwa, na cha sebuleni kwako ni shahidi wa hilo. Kwa hiyo kiyoyozi kilichojazwa mara tatu katika miezi 14 kina tundu. Ukiweka R-22 itatoka, ukiweka propeni itatoka, na ukiweka gesi nyingine yoyote itakayovumbuliwa itatoka kwa kupitia tundu lilelile. Tofauti ni kwamba R-22 ikitoka chumbani mwa mama haiwaki, na propeni inawaka.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni kwenye nati zinazounganisha mabomba ya shaba na mtambo, ndani na nje. Mdomo wa bomba hupanuliwa kwa kifaa maalumu ili ukae sawasawa kwenye kiunganishi, na kama aliyefunga alifanya haraka, mdomo huwa na ufa mwembamba ambao unazidi kufunguka kadiri mtambo unavyotetemeka. Mahali pa pili ni kwenye mabomba membamba ya mtambo wa ndani, ambayo huliwa na unyevu na mvuke wa sabuni na dawa za kusafishia. Kazi inayostahili ni hii: fundi anatoa gesi iliyobaki kwa mashine ya kuivuta na kuihifadhi katika silinda, bila kuiachia hewani, anajaza naitrojeni kavu kwa shinikizo, anapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, na anauacha mtambo kwa saa kadhaa akiangalia kama geji inashuka. Akishaziba, anavuta hewa na unyevu wote kwa pampu, na ndipo anapopima gesi kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Kujaza kwa kukadiria kwa mkono, eti bomba likitoa jasho basi inatosha, ndiko kunakoua kompresa nyingi, yaani zile pampu zinazosukuma gesi, hapa kwetu.

Naongeza onyo moja, kwa sababu nimeliona likifanyika: asije mtu akajaribu mtambo wako kwa oksijeni ya kuchomelea badala ya naitrojeni. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka, na jambo hilo limeua mafundi.

Kwa kuwa unakaa Entebbe, tazama pia mtambo wa nje kabla hujakubali kwamba gesi imepungua. Wale wadudu wa ziwa wanaoinuka kama moshi huingia katikati ya mapezi ya alumini, yaani vile vibati vyembamba vya kutolea joto, wakafa humo, na baada ya msimu mmoja hewa haipiti tena. Mtambo unashindwa kutua joto, chumba hakipoi, na fundi asiyesafisha kwanza anasema gesi imekwisha. Akiongeza gesi katika mtambo ambao haukupungukiwa, amekuongezea tatizo. Kwa kawaida, R-22 inayofanya kazi vizuri inasoma takriban pauni 65 hadi 70 kwa inchi ya mraba kwenye geji ya upande wa kunyonya, wakati R-410A na R-32 zinasoma zaidi ya pauni 110. Muulize fundi wako alisoma ngapi kila alipokuja, na kama hakumbuki wala hakuandika, umepata jibu lako kuhusu fundi huyo.

Kuhusu kuhamia gesi nyingine katika mtambo uleule, R-410A haiwezekani kabisa. Shinikizo lake linazidi la R-22 kwa takriban asilimia 60, na kompresa pamoja na mabomba ya mtambo wako hayakutengenezwa kulibeba. Isitoshe, mtambo wa R-22 una mafuta ya madini, na R-410A inahitaji mafuta ya sintetiki, kwa sababu yale ya madini hayachanganyiki nayo na hivyo hayarudi kwenye kompresa. Ipo R-407C, ambayo shinikizo lake linakaribia la R-22, lakini nayo inataka mafuta yabadilishwe, na mtambo hupoteza kidogo nguvu zake. Kwa mtambo wa mwaka 2013 sioni kwa nini ulipie gharama hiyo.

Wakala wa Forodha, Malaba anajibu:

Nimeshughulikia karatasi za mizigo ya namna hii, kwa hiyo nitajibu upande wa sheria, ambao mafundi na wauzaji wengi wanausimulia nusunusu.

Kuna kanuni mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza inahusu gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na R-22 ni mojawapo. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ndiyo iliyozianzishia safari ya kuondoka. Ratiba ya nchi zinazoendelea, ambazo Uganda ni miongoni mwao, ilisimamisha ongezeko mwaka 2013, ikapunguza asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025, na mwaka 2030 gesi hizo zinakwisha, isipokuwa kiasi kidogo cha wastani wa asilimia 2.5 kwa mwaka kinachoruhusiwa hadi mwaka 2040 kwa ajili ya kuhudumia mitambo iliyokwisha kufungwa. Maana yake ni kwamba R-22 haikuzuiwa jana wala juzi kwa tangazo la ghafla. Inapungua kwa hatua, inaingizwa kwa leseni, na kadiri inavyopungua ndivyo bei inavyopanda na ndivyo silinda za bandia zinavyoongezeka. Hakuna mahali ambapo ratiba hiyo inamtaka mwenye nyumba kung'oa kiyoyozi kinachofanya kazi. Inachobana ni uzalishaji na uingizaji.

Ya pili ni Marekebisho ya Kigali, yaliyokubaliwa katika mji mkuu wa majirani zetu tarehe 15 Oktoba 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Uganda iliyaridhia mwaka 2018. Hayo yanahusu gesi zisizodhuru ozoni lakini zinazopasha dunia joto, na humo ndimo ilimo R-410A. Watu husema R-410A imepigwa marufuku, na kwa nchi yetu usemi huo si sahihi. Kundi letu lilisimamisha ongezeko mwaka 2024. Linapunguza asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, asilimia 50 mwaka 2040 na asilimia 80 mwaka 2045. Hata mwisho wa ratiba haufiki sifuri.

Hata hivyo, yule aliyekuonya usinunue R-410A ana hoja, ingawa aliieleza vibaya. Hesabu ya Kigali haifanywi kwa kilo za gesi, bali kwa kilo zilizozidishwa kwa nguvu ya gesi hiyo kuongeza joto ikilinganishwa na hewa ukaa. Kwa takwimu zinazotumiwa na Itifaki, R-410A ina 2,088, na R-32 ina 675. Mwagizaji mwenye mgao uleule anaweza kuleta kilo moja ya R-410A au takriban kilo tatu za R-32. Mgao ukianza kupungua, mfanyabiashara yeyote mwenye akili atachagua ile inayompa kilo nyingi za kuuza, na R-410A itakuwa adimu na ghali hata kama sheria haijaitaja kwa jina.

Ongeza na hili. Katika Umoja wa Ulaya, viyoyozi vidogo vya mtambo mmoja wa ndani na mmoja wa nje, vyenye gesi isiyofika kilo 3, haviruhusiwi tena kuingizwa sokoni tangu tarehe 1 Januari 2025 kama nguvu ya gesi yao inafika 750 au zaidi. Marekani nayo, tangu tarehe hiyohiyo, imezuia kutengeneza na kuingiza viyoyozi vipya vya majumbani vyenye gesi ambayo nguvu yake inafika 700 au zaidi. R-410A imeangukia nje ya mipaka yote miwili. Viwanda vilivyokuwa vikitengeneza kwa ajili ya masoko hayo vinatafuta wanunuzi kwingine, na mimi binafsi sioni ajabu kwamba punguzo kubwa unaloliona Kampala liko kwenye R-410A na si kwenye R-32. Bei hiyo ya chini ina mantiki yake, na mantiki hiyo ni kwamba mwingine amekwisha kukikataa chombo hicho.

Jambo hili linaniuma, na nitalisema waziwazi. Mwaka 2009 nchi yetu ilizuia majokofu yaliyotumika kuingizwa, kwa sababu tulikuwa tumegeuzwa mahali pa kumalizia maisha ya vyombo vya watu wengine. Kiyoyozi kipya chenye gesi ambayo wengine wameiacha ni mlango uleule, ila umepakwa rangi mpya.

Mkaazi wa Entebbe anajibu:

Ninawashukuru sana wote wawili. Nilimpigia simu fundi kuhusu vipimo vya geji, na kweli hakuwa ameandika chochote. Nimetazama pia mtambo wa nje wa chumba cha mama, na nimekuta mapezi yamezibwa na wadudu kwa zaidi ya nusu.

Limebaki jambo moja linalonitia hofu. Nimeambiwa kwamba hata R-32 inawaka. Kama ndivyo, kwa nini nikatae propeni na kukubali R-32, hasa katika chumba ambacho umeme ukikatika mama huwasha mshumaa?

Fundi wa Nalukolongo anajibu:

Swali lako ni la haki, na wauzaji wengi hulikwepa. Ni kweli kwamba R-32 inawaka, lakini kwa shida. Imewekwa katika daraja la A2L, yaani sumu yake ni ndogo na moto wake unatambaa polepole, wakati propeni, ambayo jina lake la kazi ni R-290, iko katika daraja la A3, la zile zinazowaka kwa urahisi.

Tufanye hesabu ya chumba cha mama. Tuseme kina urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.7, jumla mita za ujazo 43 hivi. Kiyoyozi cha ukubwa wa 12,000 (BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza) cha R-32 hubeba gesi isiyofika kilo moja. Tuchukue gramu 800. Zote zikimwagika na kuenea chumbani sawasawa, unapata gramu 19 hivi katika kila mita ya ujazo. Ili R-32 iwake inahitaji takriban gramu 307 katika mita ya ujazo, kwa hiyo uko chini sana ya kiwango hicho. Propeni inahitaji gramu 38 tu. Gramu 350 za propeni katika chumba hicho zinakupa gramu 8 kwa mita ya ujazo, yaani zaidi ya sehemu moja kwa tano ya kiwango cha kuwaka. Na hiyo ni hesabu ya gesi iliyoenea sawasawa, ambayo kwa kweli haienei hivyo: zote mbili ni nzito kuliko hewa na hushuka chini, kwa hiyo karibu na sakafu, na karibu na mshumaa uliowekwa chini, propeni inaweza kufikia kiwango cha kuwaka wakati katikati ya chumba bado hakuna hatari.

Sisemi kwamba propeni ni gesi mbaya. Kwa ubora wa kupoza ni nzuri sana, nguvu yake ya kupasha dunia joto ni ndogo mno, na haimo kabisa katika hesabu za Kigali. India wamekuwa wakiuza viyoyozi vya R-290 tangu mwaka 2012, lakini hivyo vilitengenezwa kwa ajili yake tangu kiwandani: kiasi cha gesi kimepunguzwa, swichi na visanduku vya umeme vimezibwa ili visitoe cheche kwenye gesi, na vina alama ya moto inayomwonya fundi atakayekuja baadaye. Mtambo wako wa mwaka 2013 hauna hata kimoja kati ya hivyo. Fundi anapoiweka propeni humo, anafanya hivyo kwa sababu shinikizo lake linakaribia la R-22, inakubaliana na mafuta ya madini, na chumba kinapoa siku hiyohiyo, na mwenye nyumba anamshukuru. Kibandiko kinaendelea kusema R-22. Siku fundi mwingine akija na moto wa kuchomelea akiamini maandishi hayo, atakuwa ameweka uso wake mbele ya mlipuko.

Ukichagua R-32, hakikisha anayefunga amekwisha kufanya kazi nayo, ana geji zinazobeba shinikizo lake, na anafungua milango na madirisha anapofanya kazi. Usiache viungo vya mabomba vifichwe ndani ya ukuta au juu ya dari.

Mama Rukia, Arua anajibu:

Nimesoma habari ya propeni nikaona nisinyamaze. Katika duka letu la dawa, ambalo lazima libaki na ubaridi kwa sababu ya sindano na matone ya watoto, fundi mmoja alituwekea gesi bila kutuambia ni ipi, na tulipomuuliza alisema ni ileile ya zamani. Kiyoyozi kilipoa vizuri. Baada ya miezi michache kilianza kuvuja, na tukasikia harufu ambayo kila mwenye jiko la gesi anaijua. Alikuwa ametujazia gesi ya kupikia.

Nilieleweshwa baadaye na fundi mwingine kwamba gesi ya kupikia si hata R-290 halisi: ni mchanganyiko wa propeni na buteni, yenye unyevu na uchafu usioruhusiwa ndani ya kompresa, na imetiwa harufu makusudi. Mungu alituepusha, kwa kuwa siku ile hakuna aliyekuwa amewasha chochote. Tangu wakati huo sikubali fundi afungue silinda kabla hajanionyesha maandishi yake, na nimemwomba kila anayefanya kazi kwetu aandike kwenye mtambo, kwa kalamu isiyofutika, tarehe, jina la gesi na gramu alizoweka.

Ndugu wa Entebbe, mwulize fundi wako hiyo "gesi ya asili" anaitoa katika silinda ya namna gani.

Wakala wa Forodha, Malaba anajibu:

Alichosema Mama Rukia kina uzito kuliko anavyofikiri. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua watu nchini Vietnam na Brazil, na uchunguzi ulionyesha kwamba yalikuwa yamejazwa gesi ya bandia iliyochanganywa na R-40, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinacholipuka kinapoguswa na hewa. Silinda ilikuwa na jina la gesi ya kawaida. Gesi inapokuwa adimu, na R-22 inakuwa adimu, ndipo soko la namna hiyo linapostawi. Kwa hiyo yeyote anayepewa R-22 kwa bei ya chini kuliko kila duka asifurahi, bali adai risiti na jina la mwagizaji.

Mjenzi wa Kigezi anajibu:

Nitajibu la Kabale, kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi. Usiku wa kule mara nyingi hushuka hadi karibu nyuzi 10, na asubuhi ukungu hukaa juu ya vilima hadi saa nne, ndiyo maana watu wa kule hawaridhiki na tangi la jua peke yake.

Pampu ya joto ni kiyoyozi kilichogeuzwa: inachukua joto kutoka hewa ya nje na kulitia majini, na kwa kuwa inahamisha joto lililopo badala ya kulitengeneza, uniti moja ya umeme inaweza kukupa uniti tatu hivi za joto katika hali ya hewa kama ile. Hita ya kawaida ya umeme haiwezi kukupa zaidi ya moja. Kwa familia ya watu wawili, hata hivyo, mimi ningeshauri tangi la jua lenye hita ndogo ya akiba, kwa sababu ni chombo ambacho fundi bomba yeyote wa Kabale anaweza kukihudumia na hakina gesi ya kubishania. Kwa nyumba ya wageni, au familia kubwa inayooga asubuhi mapema, pampu inarudisha gharama zake.

Akiamua kuinunua, aangalie kwanza umbo lake. Zipo pampu ambazo mzunguko wote wa gesi umefungwa kiwandani ndani ya sanduku moja linalokaa nje, na kinachoingia nyumbani ni mabomba ya maji tu. Katika umbo hilo R-290 ni chaguo zuri mno, kwa kuwa ikivuja inavuja nje, mradi sanduku lisiwekwe shimoni, karibu na mlango wa chini au juu ya mfereji ambamo gesi nzito inaweza kutuama. Pia hakuna fundi atakayepanua midomo ya mabomba pale kwenye eneo la ujenzi, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Zile za R-134a bado zinauzwa, lakini nguvu yake ni 1,430, na ratiba ileile ya Kigali inaibana. Za hewa ukaa yenyewe, yaani R-744, zimetumika Japani tangu mwaka 2001, na zinafanya kazi kwa shinikizo kubwa mno. Kwa umbali wa Kabale na mafundi waliopo sasa, nisingemshauri.

Mkaazi wa Entebbe anajibu:

Ndugu zangu, nimerudi kuwapa taarifa, kwa kuwa mlinipa muda wenu.

Nilimtafuta fundi mwingine, ambaye alikuja na silinda ya naitrojeni na mizani. Alianza kwa kuosha mitambo yote miwili ya nje kwa maji ya shinikizo dogo, na maji yaliyotoka yalikuwa meusi. Kisha alivuta gesi iliyobaki, akajaza naitrojeni, na povu likatokea mahali pawili: kwenye nati ya bomba nene nyuma ya mtambo wa ndani, ambayo mdomo wake ulikuwa na ufa, na kwenye kona ya bomba jembamba ndani ya mtambo huohuo, ambako shaba imeliwa na kugeuka kijani. La kwanza lingezibika. La pili alisema anaweza kulichomelea, lakini bomba lote limedhoofika na tundu jingine litafuata.

Nilifanya hesabu kwa kufuata ile ya ndugu wa Malaba. Nguvu ya R-22 ni 1,810. Kama mara zile tatu zilipoteza jumla ya kilo moja, hiyo ni sawa na hewa ukaa ya takriban lita 780 za petroli, yaani gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita likitoka Kampala hadi Gulu mara 23. Sikujua kwamba ukuta wa chumba cha mama ulikuwa ukitoa kitu kama hicho huku nikilipia.

Tumeamua hivi. Cha mama kimeondolewa, na R-22 iliyotolewa humo fundi ameihifadhi katika silinda aliyoiandika jina langu, ili itumike kwa cha sebuleni ikihitajika, baada ya kusafishwa. Cha sebuleni kinabaki kama kilivyo, kwa kuwa geji ilisoma pauni 68 na hakuna anayenidai nikitoe. Chumbani kitafungwa cha R-32 cha ukubwa wa 9,000, ambacho fundi alipima chumba na kusema kinatosha, na viungo vyote vitakaa wazi nje ya ukuta. Mshumaa tumeubadilisha kwa taa ya betri. Ndugu yangu wa Kabale anauliza kama lile sanduku la pampu linaweza kukaa upande wa mashariki wa nyumba, ambako kuna mfereji wa maji ya mvua umbali wa mita moja.

Mjenzi wa Kigezi anajibu:

Kama ni ya R-290, asiliweke hapo. Alipandishe juu ya jukwaa la zege upande wa magharibi, mbali na mfereji na dirisha la chini, kisha anitumie picha kabla hajachimba msingi.